Rangi ya kufyonza hewa ya ukaa haitalipa deni la kuni Kericho

KABLA ya mgeni wa heshima kuzuru shule ya msingi katika kaunti za Kericho na Bomet, kuna kazi ambayo haikosi kufanywa. Mawe yaliyopangwa kando ya njia hupakwa chokaa, mashina ya miti hupakwa chokaa hadi usawa wa kiuno, na ukuta wa ofisi ya mwalimu mkuu, ambao ungali na madoa ya matope ya masika yaliyopita, hupakwa upya. Mgeni anapowasili, kila kitu ni cheupe kana kwamba hakijawahi kunyeshewa.

Wanafunzi wanaoshika burashi hizo aghalabu hawaambiwi kwamba chokaa ile inapokauka haipotezi maji tu. Inavuta kutoka hewani kaboni dayoksaidi, gesi ambayo wengi wetu huiita hewa ya ukaa, na kuifunga ukutani mpaka ikawa jiwe. Hilo si jambo la ajabu wala si siri ya maabara. Wanakemia wamelijua tangu karne ya 18, na mafundi wa chokaa walilifanyia kazi kwa muda mrefu kabla ya hapo bila kulipa jina.

Ukweli huo mkongwe sasa umepata soko jipya. Barani Ulaya, watengenezaji wa rangi za chokaa wanazinadi kuwa rangi zinazofyonza hewa ya ukaa, na baadhi yao hutaja hata kilo za gesi ambazo mkebe mmoja unadaiwa kuvuta. Kampuni ya Graphenstone ya Uhispania, inayochanganya chokaa na grafini, ni miongoni mwa zile zilizojijengea jina kwa dai hilo.

Wengine wamekwenda mbali zaidi. Mnamo Oktoba 2023, watafiti wa Chuo Kikuu cha Surrey nchini Uingereza walitangaza kwamba wametengeneza rangi yenye uhai. Ndani yake mna bakteria aitwaye Chroococcidiopsis cubana, anayeishi kwa mwanga wa jua kama ufanyavyo mmea: huvuta hewa ya ukaa na kutoa oksijeni. Walisema kila gramu ya bakteria hao ilitoa hadi gramu 0.4 za oksijeni kwa siku. Ni kazi ya kupendeza, lakini ni kazi ya maabara, na bakteria hao hawajaanza kuuzwa kwa mkebe katika duka la vifaa vya ujenzi la Litein.

Msomaji asichanganye rangi hizi na ile nyeupe kupindukia iliyotangazwa na Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani mwaka 2021, ambayo hurudisha angani asilimia 98.1 ya mwanga wa jua. Ile haifyonzi chochote. Kazi yake ni kupoza nyumba. Kwa mtu anayelala Kericho, katika mwinuko wa takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako blanketi mbili si anasa, rangi ya kupoza nyumba ni zawadi isiyohitajika.

Kwa nini basi mambo haya yamhusu mkulima wa majani chai wa Konoin au Bureti? Yanamhusu kwa sababu kaboni imegeuka kuwa bidhaa. Tangu Kongamano la Afrika kuhusu Tabianchi lililofanyika Nairobi mnamo Septemba 2023, serikali ya Kenya imekuwa ikiinadi nchi hii kama shamba kubwa la kuvuna hati za kaboni, yaani vyeti ambavyo mchafuzi wa ng'ambo hununua ili ajihesabie kwamba tani fulani ya gesi imeondolewa hewani mahali pengine kwa niaba yake. Pakiwa na soko la namna hiyo, kila kitu kinachosemekana kuvuta kaboni hupata mchuuzi. Miti imeshapata wake. Udongo umepata wake. Haitakuwa ajabu ukuta nao ukipata.

Na hapo ndipo panapohitajika hesabu, kwa maana dai la rangi ya chokaa ni la kweli, lakini ni nusu ya kweli.

Chokaa haianzi safari yake ukutani. Inaanzia machimboni. Kwa watu wa Kericho, machimbo hayo hayako mbali: yako Koru, katika Kaunti ya Kisumu, ng'ambo tu ya mpaka karibu na Fort Ternan, ambako kampuni ya Homa Lime imechimba na kuchoma mawe ya chokaa kwa miongo mingi. Mawe yenyewe ni masalio ya volkano ya kale ya Tinderet. Jiwe hilo likitiwa katika tanuri lenye moto mkali, hupasuka kikemia. Kilo 100 za jiwe safi la chokaa hutoa kilo 56 za chokaa ambayo haijazimwa. Zile kilo 44 nyingine haziendi kwenye gunia. Zinapaa kwa bomba la tanuri zikiwa hewa ya ukaa.

Chokaa hiyo ikimwagiwa maji, huchemka kwa ghadhabu na kuwa chokaa iliyozimwa, unga mweupe ambao fundi huukoroga kwenye ndoo. Unga huo ukipakwa ukutani, huanza kudai hewani kile ulichonyang'anywa tanurini. Siku baada ya siku huvuta hewa ya ukaa hadi zile kilo 44 zirudi na jiwe liwe kilo 100 tena. Duara limefungwa.

Kwa ufupi, ukuta wa chokaa unalipa deni lake wenyewe. Hauna faida ya ziada ya kumuuzia mtu. Na hata deni hilo halilipwi lote, kwani moto wa tanuri uliwashwa kwa kuni, makaa ya mawe au mafuta. Lori lilitumia dizeli kupanda mlima kutoka Koru. Na chokaa iliyojificha ndani ya tabaka nene huenda isikutane na hewa kwa miaka mingi. Anayehesabu kile ambacho ukuta unavuta bila kuhesabu kile ambacho tanuri lilitoa ni kama mtu anayejisifu kwa mshahara bila kutaja mkopo wa chama cha ushirika.

Hapo mtetezi wa rangi hizo atasema, na kwa haki, kwamba rangi ya maji ya kawaida hairudishi chochote. Gundi yake ni aina ya plastiki inayotokana na petroli, na gesi iliyotolewa kiwandani ilipotengenezwa imetoka kabisa. Ukilinganisha mikebe miwili, ule wa chokaa una haki ya kuitwa mwenye madhara madogo zaidi. Mwandishi wa makala haya hana ugomvi na hilo. Ugomvi ni pale "madhara madogo" yanapogeuzwa kuwa "tiba".

Hata saruji, ambayo ni mchafuzi mkubwa duniani, hufanya kazi hii ya kurudisha. Mwaka 2016, watafiti walichapisha katika jarida la Nature Geoscience hesabu iliyoonyesha kwamba saruji iliyotumika duniani kati ya 1930 na 2013 ilikuwa imerudisha takriban asilimia 43 ya hewa ya ukaa iliyotoka katika mawe yake yalipochomwa, bila kuhesabu ile ya mafuta yaliyochoma. Hakuna aliyesimama kusema kwamba kwa sababu hiyo tujenge zaidi ili dunia ipoe.

Wakazi wa pwani wanaijua biashara hii kuliko sisi wa bara. Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar ni miji iliyojengwa kwa matumbawe na chokaa. Matumbawe yalipangwa juu ya rundo la magogo, yakachomwa, yakazimwa kwa maji, na chokaa yake ikapakwa kwenye kuta ambazo mpaka leo zinawavutia watalii. Kuta hizo zimekuwa zikivuta hewa ya ukaa kwa karne kadhaa. Lakini magogo yaliyochoma matumbawe hayo hayakurudi msituni kwa sababu ukuta ulikuwa mweupe.

Tuziweke hesabu hizi katika nyumba moja ya Bomet. Tuchukue kwamba nyumba ina kuta za mita mraba 100 kwa jumla, ndani na nje, na fundi anaipaka mikono mitatu akitumia gramu 100 za chokaa kwa kila mita mraba kila mara. Atamaliza kilo 30. Kikemia, kilo 30 za chokaa safi iliyozimwa haziwezi kuvuta zaidi ya kilo 18 hivi za hewa ya ukaa, hata zikipewa muda wote duniani.

Kilo 18 ni nini? Kilo moja ya kuni kavu ikiteketea hutoa takriban kilo 1.8 za gesi hiyo hiyo. Kwa hiyo nyumba nzima, kuta zote, kazi yote ya fundi na ngazi yake, ni sawa na kilo 10 za kuni. Huo ni mzigo mdogo ambao mpishi wa shule huumaliza kabla maharagwe hayajalainika. Nasi tumekwisha kuona kwamba hata hizo kilo 18 zilikuwa deni la jiwe la Koru, wala si akiba.

Sasa tutoke kwenye nyumba, tuende kiwandani.

Jani bichi la chai lina maji kwa takriban robo tatu ya uzito wake au zaidi. Majani ya chai yanayofungwa kwenye magunia kwenda mnadani Mombasa yana maji asilimia tatu hivi. Tofauti hiyo yote huondolewa kwa joto, kwanza wakati wa kunyausha majani na kisha wakati wa kuyakausha. Katika viwanda vya wakulima wadogo vinavyosimamiwa na KTDA, kuanzia Litein, Kapkatet na Tegat upande wa Kericho hadi Mogogosiek, Kapkoros na Tirgaga upande wa Bomet, joto hilo hutokana na mvuke wa boila, na boila hulishwa kuni. Hiyo ndiyo sababu ya marundo marefu ya magogo ya mikalitusi ambayo msafiri huyaona kandokando ya viwanda, mengine yakiwa marefu kuliko paa za nyumba zilizo jirani.

Mita moja ya ujazo ya mti huo, ukiwa mkavu na mzito bila nafasi katikati, hutoa takriban tani moja ya hewa ya ukaa inapoteketea. Kwa kipimo cha nyumba yetu ya Bomet, ingehitajika kupakwa chokaa nyumba zaidi ya 50 ili kufikia kiasi hicho. Boila haingoji nyumba 50 zipakwe. Hulishwa usiku na mchana wakati wa msimu wa majani mengi.

Mtu wa viwanda atajibu kwamba miti hupandwa tena, na mti mchanga huvuta kile ambacho mti mkongwe ulitoa. Jibu hilo lina uzito iwapo miti inapandwa kweli, katika ekari za kutosha, na iwapo kuni zote hutoka katika mashamba hayo ya miti badala ya kununuliwa kutoka kwa yeyote mwenye lori. Lina utata pia, kwa sababu mkalitusi una sifa yake mbaya ya kunywa maji. Wengi watakumbuka agizo la marehemu John Michuki, akiwa Waziri wa Mazingira mwaka 2009, kwamba mikalitusi iliyo kandokando ya mito ing'olewe. Ardhi inayopandwa mkalitusi pia ni ardhi ambayo haipandwi mahindi wala kulishia ng'ombe, na familia nyingi za huku zina ekari moja au mbili tu.

Hapa ndipo lilipo suala la kaboni la Kericho na Bomet, na ni suala la pesa kabla ya kuwa la tabianchi. Gharama ya kuni hutolewa katika mapato ya kiwanda kabla mkulima hajalipwa bonasi yake. Ni jambo linalojulikana na ambalo limezua malalamiko mengi kwamba bonasi ya wakulima wa magharibi ya Bonde la Ufa imekuwa ndogo kuliko ya wenzao wa Kirinyaga, Murang'a na kwingineko mashariki. Sababu ni nyingi, bei ya mnadani ikiwa ya kwanza, lakini kila gogo linalochomwa likiwa bichi ni pesa za mkulima zinazopanda kwa bomba la moshi. Kuni mbichi hutumia sehemu ya moto wake kuchemsha maji yaliyomo ndani yake zenyewe. Banda la mabati la kukaushia kuni kwa miezi kadhaa halina jina la kuvutia, wala halitatangazwa kwenye kongamano lolote, lakini hupunguza kuni zinazohitajika. Kadhalika vitofali vya makapi ya miwa, ambayo viwanda vya sukari vya Muhoroni na Chemelil hapo bondeni huyazalisha kwa wingi.

Mashamba makubwa yamekuwa na nafuu fulani, kwani kwa miaka mingi yamemiliki mitambo yao midogo ya umeme wa maji. Mkulima mdogo hana mto wake.

Kuna binamu wa rangi ya chokaa ambaye huenda akabisha hodi mapema zaidi: unga wa mawe ya volkano. Makampuni kadhaa duniani, na hata hapa Kenya, yanatawanya unga wa mawe mashambani kwa hoja kwamba mvua na hewa ya ukaa humomonyoa unga huo na gesi ikafungwa katika maji ya ardhini. Kemia yake ni ya kweli, na katika shamba la mahindi lenye udongo uliochoka unga huo waweza hata kumsaidia mkulima.

Lakini chai ni mmea wenye tabia zake. Unapenda udongo mchachu, ndiyo maana unastawi katika udongo mwekundu wa Kericho, na ndiyo maana mkulima wa chai hashauriwi kumwaga chokaa shambani kama afanyavyo jirani yake wa mahindi. Katika udongo mchachu sana, jiwe humomonyolewa na asidi iliyokuwamo tayari udongoni, si na ile inayotokana na hewa ya ukaa. Jiwe linayeyuka, mwenye kuuza hati anahesabu tani, na huenda hewani pasiwe pametoka kitu kingi. Anayekuja na unga wa aina hiyo aulizwe kwanza kipimo cha uchachu wa udongo, na wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Chai, ambayo makao yake yako papo hapo Kericho, waketi mezani kabla ya mkataba kutiwa saini.

Sheria ipo, ingawa haimkingi kila mtu. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 ilifanyiwa marekebisho mwaka 2023, na kanuni za masoko ya kaboni zikafuata mwaka 2024. Marekebisho hayo yaliweka kwamba miradi inayotegemea ardhi iipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, na isiyotegemea ardhi asilimia 25. Mradi wa kupaka kuta, iwapo utawahi kuja, utataka kuhesabiwa katika kundi la pili. Zaidi ya hayo, mikataba ya maendeleo ya jamii inalenga hasa miradi iliyo katika ardhi ya umma na ya jamii. Mkulima mwenye hatimiliki yake binafsi ya ekari mbili atajikuta akipatana peke yake na wakili wa Nairobi au wa London.

Katika eneo hili, swali la nani mwenye ardhi si la kinadharia. Ardhi ya mashamba makubwa ya chai ilitwaliwa kutoka kwa Wakipsigis na Watalai enzi za ukoloni, na mwaka 2022 waathiriwa na vizazi vyao walifikisha malalamiko yao dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Wakati huo huo mashamba yenyewe yamekuwa yakibadilisha mikono: kampuni ya Browns ya Sri Lanka ilinunua ya James Finlay mwaka 2023, na mwaka uliofuata ikatangazwa kuwa mnunuzi wa yale ya Lipton. Kaboni iliyofungwa katika udongo na miti ya mashamba hayo, ikija kuwekewa bei, itakuwa mali ya nani? Mwenye kukodi ardhi, mwenye kuidai, au kaunti? Ni afadhali swali hilo liulizwe wakati bado hakuna hundi iliyoandikwa.

Chokaa yenyewe isihukumiwe kwa makosa ya wauzaji wake. Kwa nyumba ya udongo iliyotiwa weusi na moshi wa jikoni, ni rangi nzuri na ya bei nafuu. Huacha ukuta upumue, hufukuza ukungu, na huongeza mwanga chumbani ambamo mtoto anasomea. Unyevu wa Kericho, ambao huharibu mengi, huisaidia kushika, maana bila unyevu hewa ya ukaa haiingii ndani yake vizuri. Fundi mzoefu huilowanisha kuta kwanza, hupaka nyepesi mara tatu badala ya nzito mara moja, na hutia chumvi kidogo ndani ya ndoo. Mahali pasipo na ukingo wa paa wa kutosha, mvua ya hapa huiosha.

Wakulima ambao ni wenye hisa katika viwanda vyao wana haki ya kuuliza, katika mkutano mkuu wa mwaka, ni mita ngapi za kuni zilizoingia boilani kwa kila tani ya chai iliyotoka, zilinunuliwa kwa bei gani, na zilikuwa kavu kiasi gani. Hesabu hizo zimo katika vitabu vya kiwanda. Ukuta wa shule, kwa upande wake, utahitaji kupakwa tena masika yatakapokwisha.